Paa, Ukuta na Mlango: Niliyojifunza Kuhusu Mizinga Kati ya Sikonge na Ontario

Wafugaji nyuki wa Tabora wakisikia kwamba katika nchi za kaskazini makundi ya nyuki hufa wakati wa baridi, wengi huichukulia kuwa habari ya mbali isiyowahusu, kwa sababu kwetu hakuna theluji na hakuna mwezi ambao nyuki hushindwa kutoka nje kutafuta chakula. Mimi nimefuga nyuki katika misitu ya miombo ya Sikonge, mkoani Tabora, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kisha nikapata nafasi ya kukaa majira yote ya baridi katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, nikimsaidia mzee mmoja mwenye manzuki, yaani shamba la mizinga, jirani na nyumba ya dada yangu. Niliyoyaona kule yamenifanya niitazame mizinga yetu kwa jicho jingine. Jambo linalowaua nyuki wa kule ndilo hilo hilo linalowahamisha nyuki wa hapa, nalo ni mzinga uliobuniwa kwa kumfikiria mfugaji atakayeufungua, bila kuufikiria ipasavyo msimu mgumu kuliko yote ambao nyuki wataupitia humo ndani.

Nianze na baridi yenyewe. Nyuki hawapashi joto mzinga mzima. Hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi joto 14 hivi, hujikusanya pamoja juu ya masega, wale wa nje wakiwa wamebanana vichwa vikielekea ndani, na wale wa kati wakitetemesha misuli ya mabawa bila kuruka ili kuzalisha joto. Sehemu ya nje ya kundi huweza kubaki karibu na nyuzi joto 10 tu, ilhali katikati, hasa malkia anapoanza tena kutaga kuelekea mwisho wa baridi, joto hufikia nyuzi 34 au 35. Kuni za moto huo ni asali. Ndiyo maana yule mzee hakuwa akirina mpaka tone la mwisho. Kila mzinga aliuachia kilo 30 na zaidi, na kabla ya theluji kushuka alipita akiinua kila mmoja kwa nyuma, kwa mkono, apime uzito wake. Nyuki wanaoingia kwenye baridi ni wa aina ya pekee pia, kwani huishi hadi miezi 6, wakati nyuki kibarua wa kiangazi cha huko huishi kiasi cha wiki 6 tu.

Nilidhani kwamba siri yote ipo katika wingi wa asali na unene wa ukuta, lakini mzee alinionyesha kwamba maji huua kuliko baridi. Nyuki anapotumia asali, mwili wake hutoa hewa yenye mvuke, na kila kilo moja ya asali inayoliwa huacha zaidi ya nusu lita ya maji katika umbo la mvuke. Hewa hiyo ya joto hupanda juu. Ikikuta kifuniko chembamba kilichopozwa na theluji, mvuke hugeuka kuwa matone, na matone huwadondokea nyuki waliojikusanya chini yake. Nyuki mkavu hustahimili baridi kali, ila aliyelowa hafiki asubuhi. Mwezi wa Januari mzee alifungua vifuniko viwili kwa nukta chache, akitaka kuweka vipande vya sukari juu ya fremu za mbao zinazoshikilia masega. Cha kwanza kilikuwa ubao mtupu, na upande wake wa ndani ulikuwa umejaa shanga za barafu, na mstari wa maji ulikuwa umeteremka ukutani mpaka kwenye sega la pembeni, ambalo lilikwishaanza kuota ukungu. Cha pili kilikuwa na tabaka nene la povu gumu juu yake pamoja na tundu dogo la hewa karibu na ukingo. Ubao wake ulikuwa mkavu, na nilipousogelea uso wangu ulipokea vuguvugu lenye harufu ya nta. Mizinga yote miwili ilikuwa ya seremala mmoja na ilikaa katika safu moja. Tofauti yake ilikuwa paa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuangalia paa kwanza.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1976 Thomas Seeley na Roger Morse walichapisha maelezo ya viota vya nyuki wa mwituni ndani ya miti huko Marekani, na kazi zilizofuata zikaonyesha kwamba nyuki wa kule wakipewa hiari huchagua uwazi wa lita 40 hivi, wenye mlango mdogo, ulio juu sana kutoka ardhini. Mwaka 2016 Derek Mitchell wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alilinganisha namna joto linavyopotea, akakuta kwamba sanduku la kawaida la mbao hupoteza joto mara 4 hadi 7 zaidi ya uwazi wa mti wenye ukuta mnene. Maana yake ni kwamba kundi lililomo sandukuni hulazimika kujikunja na kubanana mapema, kula asali zaidi na kufanya kazi kubwa zaidi, katika hali ya hewa ambayo nyuki wa ndani ya mti wangekuwa bado wanatembea juu ya masega yao kwa raha.

Si haki kumlaumu aliyeliunda sanduku hilo. Lorenzo Langstroth alipopata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, huko Marekani mwezi Oktoba 1852, tatizo alilolitatua lilikuwa jingine kabisa, nalo lilikuwa kubwa. Alitambua kwamba nafasi ya milimita 6 hadi 9 hivi nyuki huiacha kuwa njia ya kupita. Ikiwa finyu zaidi huiziba kwa gundi yao, na ikiwa pana zaidi hujenga sega ndani yake. Kwa kuiheshimu nafasi hiyo, aliweza kutengeneza fremu zinazochomolewa bila kukata sega wala kuua watoto wa nyuki. Ufugaji wa kibiashara duniani umesimama juu ya ugunduzi huo. Lakini sanduku la ubao wa chini kidogo ya milimita 20 lilichaguliwa kwa sababu ni jepesi, ni rahisi kurandwa na hupangika juu ya jingine, na mtu akilihamisha kutoka nchi hadi nchi bila kuuliza maswali huhamisha na udhaifu wake.

Sasa nirudi nyumbani. Tabora ipo kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mvua huanza Novemba na kukoma Aprili, na baada ya hapo miti ya muba huchanua na nyuki hujaza masega, tukarina kati ya Juni na Julai. Miezi hiyo ya kipupwe usiku huweza kushuka hadi nyuzi joto 14 au 15. Kisha huja Agosti na Septemba, miti ikiwa imepukutisha majani, nyasi zimekauka au zimechomwa, na mito imebaki madimbwi, mpaka mti uitwao mtundu na jamaa zake wachipue na kuchanua kabla ya mvua. Oktoba ndiyo kilele cha joto, ambapo mchana hupita nyuzi 32, na mwanzoni mwa mwezi huo jua la saa sita hupita wima kabisa juu ya vichwa vyetu. Kama nchi za kaskazini zina Januari, sisi tuna kipindi hiki cha Agosti hadi Oktoba. Huo ndio msimu unaopima mzinga.

Nyuki wetu wana tabia moja inayoficha ushahidi. Nyuki wa Ontario mzinga ukimshinda katikati ya baridi hana pa kwenda. Hufa, na mfugaji akifungua baridi ikiisha huwakuta wamelala chini kwa maelfu, akajua kwamba kuna jambo la kuchunguza. Nyuki wetu wa uwanda huu hashikwi na mahali. Akiona joto limezidi, maji yako mbali na chakula kimekwisha, huacha kulea, hula asali iliyobaki, kisha kundi zima huondoka siku moja mchana. Mfugaji hukuta mzinga mtupu wenye masega makavu yaliyokwisha kuvamiwa na nondo wa nta. Kwa kuwa hakuna maiti, husema nyuki wamefuata maua, au mzinga umekaa kwenye mkosi, au jirani ana mkono ndani yake. Nimesikia maelezo ya kila namna katika kambi za warina asali, na mara chache sana nimesikia mtu akiutuhumu mzinga wenyewe.

Kilichonifanya niutuhumu ni mizinga ya mjomba wangu. Yeye ni mtu wa mizinga ya magome na magogo, kama walivyokuwa wazee wake, na huitundika juu ya miti ndani ya msitu mnene. Kikundi chetu cha kijiji kilikuwa kimepewa masanduku na mradi mmoja, ya mbao nyembamba za msindano zilizochongwa zikiwa bado mbichi, yenye paa la bati lililogongelewa moja kwa moja juu ya mfuniko. Tuliyapanga kwenye uwazi wenye jua, kwa sababu tuliambiwa kuwa hapo ni rahisi kuyakagua. Mwaka baada ya mwaka masanduku yalijaa nyuki wakati wa maua na kubaki matupu ifikapo Oktoba, wakati mizinga mingi ya mjomba, mwendo mfupi tu kutoka hapo, katika msitu ule ule na maua yale yale, ilikuwa na nyuki ndani.

Adhuhuri moja ya Septemba nilikaa kando ya mojawapo ya masanduku yale nikiangalia tu. Bati lilikuwa halishikiki kwa mkono. Chini ya mlango nyuki wengi walikuwa wamening'inia nje, na kwenye kizingiti safu ya vibarua ilikuwa imeinamisha vichwa ikipepea mabawa bila kupumzika. Waliokuwa wakirudi kutoka nje hawakuwa na chavua miguuni. Walikuwa wanaleta maji. Nyuki hupoza mzinga kwa kutandaza maji membamba juu ya masega na kuyapeperusha kwa mabawa, maana majana, yaani watoto wa nyuki, huhitaji nyuzi joto 34 hadi 36 na huharibika joto likizidi hapo. Nilipoinua mfuniko kidogo niliona sega jipya la pembeni limelegea na kuanza kupinda, kwa kuwa nta, ijapokuwa huyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 60, hulainika mapema zaidi, na ikibeba asali hushindwa kujishikilia. Kundi hilo lilikuwa na asali kidogo, na nguvu yake yote ilikuwa inamalizikia kwenye kubeba maji. Katika hali ile, kuhama ni uamuzi wenye akili.

Nilipomweleza mjomba habari za barafu niliyoiona chini ya kifuniko kule Ontario, alinyamaza akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi mwanangu, kule paa linawanyeshea na hapa paa linawachoma. Nyuki ni wale wale." Sijapata kusikia mtu akilieleza kwa ufupi kuliko hivyo. Ukuta mnene wa gogo huzuia joto lisitoke nje usiku wa Januari huko kwao, na ukuta huo huo huzuia joto lisiingie mchana wa Oktoba hapa kwetu. Gome nalo lina mapengo mengi madogo ya hewa ndani yake na huwekwa kivulini. Ncha zake hufungwa kwa nyasi zilizosukwa, zinazopitisha mvuke bila kupitisha upepo.

Baridi nayo si ya kupuuzwa hapa kwetu. Usiku wa Juni na Julai kundi kubwa halihangaiki, lakini kundi dogo lililoingia juzi kwenye sanduku kubwa hushindwa kufunika majana yake yote, na asubuhi unakuta yale ya ukingoni yamekufa na vibarua wanayatoa nje. Sanduku la Langstroth la fremu 10 lina ujazo wa lita 42 hivi, unaokaribiana na ule nyuki wa kaskazini wanaouchagua wenyewe. Nyuki wetu huridhika na uwazi mdogo zaidi. Katika mizinga mirefu ya viunzi, ile ambayo sega hujengwa kuning'inia kwenye kijiti bila fremu, dawa yake ni ubao wa kugawa: unaliachia kundi viunzi vinavyolitosha, unaziba nyuma yake, na unausogeza ubao kadiri nyuki wanavyoongezeka. Kwa maoni yangu ubao huo ni wa thamani kuliko kifaa chochote kinachouzwa kwa mfugaji, na gharama yake ni kipande cha mbao.

Kuna jambo jingine la umbo ambalo sikulifikiria kabla ya kusafiri. Kule baridi inakotawala, mzinga husimama wima, kwa sababu joto hupanda na nyuki waliojikusanya hupanda nalo polepole, wakila asali iliyo juu yao hadi baridi iishe. Mzinga mrefu wa kulala ukitumika kule, mfugaji lazima ahakikishe kundi limeanzia ncha moja, la sivyo nyuki hula upande mmoja na kufa kwa njaa huku asali ikiwa upande wa pili, kwa kushindwa kuvuka sega lililopoa. Kwetu mzinga wa kulala ni sahihi. Nyuki hulea karibu na mlango na kuweka asali nyuma, kwa hiyo mrina anayefungulia nyuma huchukua asali bila kugusa majana, na akiwa na kiasi huwaachia masega ya kuwavusha Agosti. Umbo lenyewe humsaidia mtu kuwa na kiasi, ingawa haliwezi kumlazimisha.

Kuhusu mlango, nitasema machache. Mdogo ni bora kuliko mkubwa. Matundu machache ya milimita 8 au 9 huwatosha vibarua, hurahisisha ulinzi dhidi ya mbawakawa na siafu, na hupunguza upepo mkavu wa kusini mashariki unaovuma kiangazi chote. Kwa sababu hiyo sisi huelekeza milango magharibi au kaskazini magharibi. Kule Ontario mzee alipunguza mlango kabla ya baridi kwa kipande cha chuma chenye matundu ili panya wasiingie kujitafutia vuguvugu. Kwetu anayetafuta kuingia ni nyegere, na dhidi yake hakuna mlango unaofaa kitu. Mzinga utundikwe kwa waya, mbali na shina, kwenye kimo asichokifikia.

Vipimo vya ndani navyo havihamishiki bila kufikiriwa. Nyuki wetu ni wadogo kidogo kuliko wale wa Ulaya, na masega yao hukaa karibu karibu zaidi, ndiyo maana kiunzi cha mzinga wetu kinatakiwa kiwe na upana wa milimita 32, wakati masega ya nyuki wa Ulaya huachana milimita 35 na kuendelea. Seremala akikata viunzi vya 35 kwa kufuata mchoro wa kigeni, nyuki huanza sega katikati ya kiunzi cha kwanza, na kufikia cha nne au cha tano sega limekwisha kuhamia kwenye mpaka wa viunzi viwili. Ukitaka kukagua unavunja, ukivunja unamwaga asali, na kundi lililomwagiwa asali halichelewi kuondoka.

Kikundi chetu hakikuyatupa masanduku ya mradi. Tuliyahamishia kivulini, chini ya miyombo isiyomwaga majani yote, tukaziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Mabati tuliyang'oa na kuyarudisha juu ya vijiti ili hewa ipite kati yake na mfuniko, na juu ya mfuniko tukatandika mkeka mnene wa nyasi. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa mizinga mingi, na katika yote tuliyoyafanya ndiyo iliyoleta badiliko kubwa kuliko yote: makundi mengi zaidi huvuka Oktoba, na nyuki waliokuwa wananing'inia nje adhuhuri sasa wanaonekana kizingitini wakirudi na chavua.

Ninachohangaika nacho bado ni ukuta. Siwezi kuwashauri vijana warudi kwenye magome, hata kama najua nyuki hukaa vizuri ndani yake, kwa sababu gome la mzinga mmoja hugharimu mti mzima, na mti wenyewe mara nyingi ni myombo au mtundu, yaani ile ile inayowalisha nyuki. Misitu yetu imekwisha kutoa kuni nyingi mno kwa mabani ya kukaushia tumbaku. Haiwezi kutoa na magome kwa kiwango kile cha zamani. Gogo la mninga ni ghali na lina vibali vyake. Kwa hiyo tumeanza kuzungumza na seremala wa mjini Sikonge atutengenezee mizinga ya viunzi yenye kuta mbili za mbao nyembamba, katikati zikijazwa nyasi kavu zilizoshindiliwa, kwa mbao zilizokaa kivulini zikakauka msimu mzima kabla ya kurandwa. Yeye analalamika kwamba bei itapanda, na ni kweli itapanda. Tumekubaliana atengeneze michache kwanza, viunzi vyote vikiwa vya milimita 32, tuitundike kabla ya Agosti kando ya masanduku ya zamani na mizinga ya mjomba, na kila mmoja wetu aikague mwezi wa Oktoba, saa sita mchana.